Maziwa ya Dukani

Tangu nianze kuendesha duka langu hapa bondeni, Leota Brungart hakuwahi kununua maziwa kwangu. Kahawa, viatu vya mpira, mawe ya chumvi ya kulambwa na ng'ombe, risasi za kuwindia kulungu, vyote nimemuuzia. Maziwa, hapana. Ukoo wa marehemu mumewe umefuga ng'ombe kwenye kilima kile tangu enzi za babu, na nyumba nzima hunywa maziwa moja kwa moja kutoka kwenye tangi la zizini, bila kuchemsha. Sisi tunaokunywa ya boksi alituita watoto wa karatasi.

Barabara inayopita kwake ni ya vumbi. Kila kiangazi halmashauri hutuma lori limwage maji ya chumvi ili vumbi litulie. Maji hayo hutoka kwenye visima vya gesi na tunapewa bure, tena tunayaomba sisi wenyewe. Leota ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga simu, maana vumbi lilimchafulia nguo kambani. Zamani visima vilikuwa vidogo na hatukuona ubaya. Kisha ikaja kampuni hii inayosukuma maji na dawa chini kabisa mpaka mwamba unapasuka, na mwaka huu lori likaleta maji mengine, meusimeusi, yenye harufu ya mafuta ya taa. Dawa gani zimo? Kampuni inasema hiyo ni siri ya biashara yake. Tukaishia hapo, wajinga sisi.

Ng'ombe wa Leota wakaanza kupenyeza vichwa chini ya uzio walambe barabara. Yeye akaona wana hamu ya chumvi, akawafungulia geti. Kiangazi chote walisimama pale jioni, ndimi nje, naye akaja kunicheka.

"Kampuni inanilishia ng'ombe, Norene. Mawe yako ya chumvi yapikie supu."

Majani yalipoanza kudondoka, ng'ombe mmoja akatupa mimba. Halafu wa pili. Daktari wa mifugo akachukua damu, akasema majibu yatachelewa. Uso wake sikuupenda.

Nyumbani kwa Leota kulikuwa na mimba nyingine. Shawna, mke wa mwanawe Dale, alikuwa amebeba baada ya miaka ya kungoja na kulia. Leota mwenyewe ndiye aliyemmiminia glasi ya maziwa ya tangini kila asubuhi na kumsimamia mpaka aimalize.

Basi juzi akaingia dukani bila salamu, akaenda kwenye friji, akaweka boksi la maziwa mbele yangu.

"Leo jua limechomoza magharibi?" nikamtania.

"Nipigie hesabu." Akatoa pochi. "Wa tatu ametupa asubuhi hii. Ndama hana macho, Norene. Pale pa macho pana ngozi tupu."

Niliogopa, sina haja ya kuficha. Nikamuuliza kama Dale anajua.

"Anajua ya zizini. Ya mezani hajayafikiria."

"Na Shawna?"

"Nitayamimina kwenye jagi letu. Hatatambua."

"Utamficha mpaka lini, wewe mwanamke?"

"Mpaka majibu yaje. Nimwambie nini sasa hivi? Mimi mwenyewe sijui kitu."

Nilikuwa nampa chenji mlango ulipofunguka. Alikuwa Shawna, tumbo mbele, amekuja kulipia petroli aliyojaza kwenye pampu yangu hapo nje. Akaliona boksi, akacheka.

"Mama! Maziwa ya dukani? Dale akisikia ataita magazeti."

Hakuna aliyecheka naye. Akamtazama mkwewe, akanitazama mimi, akarudisha macho kwenye boksi. Habari za ndama wale alikuwa nazo, anaishi humo humo. Niliona hesabu ikikamilika usoni mwake.

"Mama," akasema taratibu, "ni yale maziwa?"

"Sijui, mwanangu. Naapa sijui. Labda si kitu."

Shawna akaweka mikono yote miwili tumboni na kubonyeza kidogo, kisha akangoja. Akabonyeza tena upande wa pili.

"Tangu jana hajacheza," akasema. "Nilidhani amelala."

Leota akamshika mkono akaanza kumvuta kuelekea mlangoni. Nami nikachukua funguo za gari, nikaliacha duka wazi.