Haragwe Jekundu la Dranya

"Mutu akipata haragwe moja ngumu ndani ya sufuria yangu, mimi nitanunulia yeye jino mpya!"

Zuhurah aliyasema hayo kwenye kipaza sauti cha uwanja wa Onduparaka, wakati wa mapumziko, timu ya nyumbani ikiwa imefungwa mawili na mashabiki wakitafuta mtu mwingine wa kumzomea. Hawakumzomea. Walimshangilia, wakaja kula kibandani kwake Arua, na kwa miaka minne hakuna aliyedai jino.

Ni kwamba Zuhurah hakupika maharagwe asiyoyajua umri. Akinunua, anang'ata moja na kulitema. Mapya beseni lake, ya zamani beseni lake, yote yanalowa tangu jana yake. Asubuhi, yale ya zamani yanatangulia motoni saa nzima. Chumvi mwishoni. Maji ya kuongeza ni ya moto, na anayeleta ya baridi anatukanwa yeye na ukoo wake.

Basi akaitwa Koboko kupika harusi. Wazee wa pande mbili walikuwa wamepatana kila upande ulete maharagwe yake, yamwagwe pamoja katika sufuria moja mbele ya wote, ili undugu uive. Wazo zuri sana kwa watu wasiopika.

Kadijah, mama wa bwana harusi, alileta ya njano kutoka Midia, ya mavuno ya mwezi ule, na yalikuwa yamelowa vizuri. Mzee Nasur, mjomba wa bibi harusi, alifika asubuhi ya harusi yenyewe na gunia la mekundu kutoka Dranya, makavu. Zuhurah aling'ata moja, taya likamlia hadi sikioni. Tena lilikuwa na tundu la fukusi. Fukusi mwenyewe alishahama, pengine kwa kukata tamaa.

"Mzee wangu," alisema kwa adabu ya kuazima, "hii yako tutangulize kidogo kwa moto."

"Kwa nini? Wewe nasema hii iko ya zamani?"

"Mimi sisemi kitu. Jino yangu ndio inasema."

"Mimi nimevuna juzi! Juzi!" Mzee alipaza sauti hadi wakwe wakageuka. "Kama chakula yetu haifai hapa, tutabeba. Na bibi harusi pia tutabeba!"

Kadijah alimfinya Zuhurah mkono. "Dada, mwaga tu. Kijana yangu iko na miaka thelathini na nane. Hawa wakirudi na binti yao, nani mwingine atachukua yeye?"

Zuhurah aliitazama sufuria, akaliwazia jina lake, kisha akamtazama kijana mwenyewe, tumbo mbele, kanzu ikimbana. Kwa kweli hapakuwa na wa kumchukua. Akamwaga.

Alichochea moto mdogo, akaongeza maji ya moto, chumvi akaificha mbali. Baada ya saa mbili ya Midia yalikuwa uji, na ya Dranya yalikuwa yanagonga mwiko kama kokoto. Wakati huo ndoa ilishafungwa, na wageni walikuwa wameanza kuangalia kuku wa jirani. Akapakua.

Mzee Nasur, kwa heshima yake, alipewa sahani ya kwanza. Kijiko cha pili kililia *kaa*! Akashika shavu, akatoa mdomoni kipande cha jino la mbele, akakiinua juu.

"Zuhurah! Pale Onduparaka ulisema nini?"

Wageni wote wakamgeukia Zuhurah.  Akasogea na kisahani.

"Mzee wangu, tema na haragwe yenyewe. Watu waone rangi."

Mzee alitema. Jekundu.

"Aa, hii ndio ya juzi!" Kadijah alisema, na kicheko kikapasuka, hata bibi harusi alitikisika ndani ya shela.

"Hata kama iko ya miaka tatu!" Nasur alifoka. "Wewe ulisema sufuria yako, haukusema gunia ya nani!"

"Miaka tatu, jamani! Mmesikia?" Zuhurah akauliza umati. Umati ulikuwa umesikia vizuri sana.

Jumatatu Zuhurah mwenyewe alimpeleka mzee kwa fundi wa meno Arua, akimpitisha polepole mbele ya kibanda chake, wateja wakiwa wamejaa. Jino la bandia, moja, ni shilingi elfu themanini, na Zuhurah alizilipa zote.