Mkebe wa Olena

Kwa miaka ishirini na miwili watu wa jimbo la Saskatchewan, Kanada, walimchukia Rab Geddes kwa moyo wote, na Rab hakuwahi kupata sifa iliyompendeza kuliko hiyo. Kuchukiwa ndiyo iliyokuwa kazi yake. Katika ulingo wa mieleka aliitwa Lodi Strathmuir, bwana mwenye ardhi kutoka Uskoti. Aliingia na kilti ya hariri, ile sketi ya wanaume wa Kiskoti, na leso nyeupe, akazifuta kamba za ulingo kabla ya kuzigusa, kisha akauamuru umati wote usimame kwa heshima yake. Hakuna aliyesimama, ila wale waliotafuta kitu cha kumrushia. Waliozomea zaidi walikuwa wajukuu wa Waskoti waliofukuzwa mashambani mwao na malodi wa kweli. Hao hawakuona mchezo pale, walimwona yule yule aliyemtoa babu yao nyumbani.

Lodi gani! Rab alizaliwa Greenock, mji wa bandari wa Uskoti, mama yake mfua nguo, watu tisa katika vyumba viwili. Tangu ana miaka kumi na minne aligongelea misumari ya meli bandarini, na mieleka alijifunza jioni katika ukumbi ulio juu ya bucha. Mwaka 1957 alivuka bahari kwa msimu mmoja tu. Mama yake alimfungia soksi za sufu na sufuria nzito ya kupikia kashata ya maziwa ya kwao, ile inayomumunyika kinywani kama mchanga laini. "Usije ukasema huna cha kumpa mtu," alimwambia. Msimu mmoja ukazaa wa pili, wa pili ukazaa wa tatu, na Rab hakurudi Greenock ila kumzika mama huyo.

Adui yake alikuwa Metro Hrycak, mtoto wa wakulima wa Kiukraine wa huko huko, mwenye mabega ya kubebea ndama na haya ya bibi harusi. Watu walimpenda mpaka wakawaita watoto wao jina lake. Kila wiki Lodi alimtukana, akamkaba koo, na refa akigeuka akamtwanga ngumi, na kila wiki Metro alipoinuka ukumbi ulitetemeka. Na hawa wawili walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana.

Ila ilikuwa marufuku kuonekana pamoja, maana watazamaji waliamini ugomvi ni wa kweli. Ndiyo iliyokuwa sheria ya kazi yao: maadui hawapandi gari moja, hawali meza moja, hawasalimiani hata kanisani. Kwa hiyo urafiki wao wote uliishi ndani ya kabali. Mmoja akimbana mwenzake shingo, mdomo umegusa sikio, watu elfu tatu wanapiga kelele, hapo ndipo walipopeana habari za nyumbani.

"Nakuumiza?" Metro aliuliza siku moja mjini Moose Jaw, amemkandamiza kichwa kwapani.

"Hapana, kaza tu."

"Olena wangu kajifungua."

"Ee! Kapata nini?"

"Msichana. Tumemwita Larysa. Nguruma basi, watu wanatutazama!"

Rab akanguruma huku machozi yakimbubujika, na umati ukaruka kwa furaha ukidhani Lodi amepatikana leo.

Olena, mke wa Metro, alikuwa na mkebe wa mafuta ya nguruwe aliouchora ua jekundu ubavuni. Kila Ijumaa aliujaza pirogi, vile vitumbua vya unga vya kuchemsha vyenye viazi na jibini ndani, na Metro akauacha nyuma ya ghala la ngano pale kijijini Kerrow, mahali pasipopita mtu. Rab alikuja baadaye na gari lake, akala peke yake amekaa kwenye ngazi ya ghala. Kwa akina Olena chombo cha mtu hakirudi kitupu, kwa hiyo Rab alikiosha, akakijaza kashata, akakirudisha mahali pake. Miaka ile, ukiniuliza mimi, ndiyo aliyoishi sawasawa. Katika iliyofuata alikuwa anaikumbuka hiyo tu.

Kazi yake bora kuliko zote aliifanya mwaka 1968. Asubuhi moja Metro alianguka kutoka kwenye ngazi ya zizi na mfupa wa mguu ukapata ufa. Aliyeona ni Olena peke yake. Metro akaufunga bandeji, akavaa buti, akaja ulingoni kesho yake hivyo hivyo, kwa sababu tiketi zilikuwa zimekwisha. Kabali ya kwanza tu, akanong'ona, "Mguu wangu wa kushoto umevunjika kweli. Jifanye unanimalizia hapo hapo, lakini ndugu yangu, usiuguse." Na Rab aliuvunja mguu ule machoni pa ukumbi mzima, akaupindapinda, akaurukia, na asiuguse hata kwa unyoya. Wanawake walizimia. Bibi Paraska Bodnar, mzee wa safu ya mbele, alimchoma Rab paja kwa pini ndefu ya kofia. Metro akabebwa kwa machela, na jimbo zima likamsubiri apone aje alipize kisasi.

Larysa alikuwa na miaka minane. Hata yeye hakuambiwa habari ya ngazi ya zizi, maana mtoto angelisema shuleni.

Walipostaafu, Rab akabaki mjini Saskatoon kutengeneza mashine za kukatia nyasi. Akampigia Metro simu. "Sasa yamekwisha, bwana. Twende tukanywe bia kama watu."

Metro alikataa. "Bibi yangu mzaa mama alikufa anakulaani, Rab. Wale watu walitulilia machozi ya kweli. Tukionekana tunacheka pamoja, tutakuwa tumewacheka wao."

Rab alikasirika wiki nzima, kisha akaona mwenzake amesema kweli. Wakaendelea na simu, na Ijumaa ziliendelea kule Kerrow, mpaka Olena alipougua ghafla akafa. Mkebe ulikuwa kwa Rab. Hakujua aupeleke wapi.

"Unao wewe," Metro alimwambia kwenye simu. "Utaurudisha mwenyewe. Na usiulete mtupu!"

Habari ya kifo cha Metro aliisoma gazetini, Oktoba ya 1991, akinywa uji. Kufa kumetimia, aliwaza, kumebaki kuzikana. Alitaka dakika moja tu ya kuagana na rafiki yake. Akaitoa sufuria ya mama yake, akapika kashata, akaujaza mkebe.

Siku ya maziko hakupita mlango wa kanisa.

"Yesu wangu, ni Lodi!" Bibi Paraska alipaza sauti. Alikuwa na miaka themanini na minne, na kofia ile ile. "Shikeni mlango! Hata maiti yake huioneshi huruma, mbwa wewe?"

Watu wakamzunguka, wazee kwa wazee, na wengine wakaanza kuzomea mlangoni pa kanisa mchana kweupe. Rab alisikia mgongo wake ukinyooka wenyewe.

Larysa akatoka na kitambaa cheusi kichwani. "Mzee, geuka urudi ulikotoka. Miezi minne nilimfunga baba kamba za viatu kwa sababu yako."

Neno moja tu lingemtakasa. Ngazi ya zizi. Lilimjaa mdomoni, naye akawatazama wale wazee, nyuso zao zilivyowaka kama za miaka ile, akalimeza. "Nimeletea msiba chakula," alisema kwa sauti ya Lodi, puani. "Au huku kwenu hata chakula kinafukuzwa?"

Larysa aliunyakua mkebe autupe. Mkono ukasita. Kidole chake kikaligusa lile ua jekundu lililokwanguka. Akafungua kifuniko, akavunja kipande, akaweka mdomoni, akafumba macho. Tangu mama yake afe alikuwa ametafuta kashata ile ya utotoni katika kila daftari la mapishi nyumbani na asiione.

Alipofumbua macho alimtazama Rab. Kisha akampa Bibi Paraska mkebe amshikie, akamrukia Rab akambana shingo kwa mkono mmoja, na umati ukalipuka kwa vifijo.

"Mama alisema mkebe huu ni chakula cha mgonjwa fulani," alinong'ona sikioni mwake, akimtikisa. "Aliujaza kila Ijumaa. Hata ile miezi ya mguu. Mama yangu hangemlisha mtu aliyemvunja baba mguu."

Tangu Rab astaafu, miaka kumi na miwili, hakuna mtu aliyesema naye ndani ya kabali.

"Zunguka uingie mlango wa jikoni," Larysa alisema. "Jeneza liko wazi, na ndani hamna mtu. Hawa nitawazuia hapa nje dakika tano." Kisha akalegeza mkono kidogo. "Nakuumiza?"

"Kaza, mwanangu," Rab alisema. "Watu wanatutazama."

Akakaza. Rab akanguruma kama alivyonguruma siku aliposikia binti huyo amezaliwa, machozi yale yale, mpaka alipoachiwa akayumba na kurudi nyuma. Pini ya kofia ikampata pajani, palepale pa zamani. Akawatolea wote ngumi, akashika njia ya jikoni akichechemea zaidi ya maumivu yenyewe, na nyuma yake akamsikia Bibi Paraska akiwaambia watu kwamba binti wa Metro ana mkono wa babake.