Ijumaa Walipozima Mnara wa Mlimani

Watu wa bondeni walimwita Baba Mtandao, na jina hilo lilimkaa kama koti la kushonewa. Kwa miaka kumi na minne alilinda mnara wa kampuni ya simu ulio juu ya mlima, akilala kwenye kibanda kando yake. Alifagia uwanja, alifyeka nyasi kando ya seng'enge, alijaza dizeli kwenye jenereta asubuhi na jioni. Simu zikikatakata, lawama zilikuwa zake.

"Baba Mtandao, leo umelala?" walimtania akishuka dukani.

"Jenereta ilikuwa na kiu. Nimeshainywesha."

Alilirudia jibu hilo mpaka akaliamini mwenyewe: mtandao unatoka kwenye jenereta, na jenereta iko mikononi mwake.

Ng'ambo ya mlima aliishi dada yake mkubwa, mjane mwenye pumu. Simu yake ilikuwa ya batani, imefungwa mpira kiunoni ili betri isichomoke. Kifua kikimbana hakuwa na pumzi ya kuongea, kwa hiyo alibipu mara mbili mfululizo. Hapo mdogo wake anajua: anampigia dereva wa pikipiki aliye karibu na kwa dada, dereva anamkimbiza zahanati. Mwaka jana pekee, bipu mbili zilimwokoa mara tatu.

Jumatano akaja injinia, kijana mwenye kizibao cha kung'aa.

"Mzee, mnara huu ni wa mtandao wa zamani. Ijumaa saa sita mchana unazimwa. Watu wahamie kwenye mpya, una kasi."

"Kasi ya kwenda wapi?"

Injinia akacheka. "Ya intaneti, mzee. Video, masomo, kila kitu."

"Dada yangu hataki video. Anataka kupumua."

Kijana akaacha kucheka. Akatoa simu yake, pana kama kibao cha kukatia mboga, akafungua ramani. Mnara mpya ulikuwa kule barabarani, na bonde lote lilipakwa kijani mpaka juu ya paa la dada.

"Na huu mlima hapa katikati, hayo mawimbi yanaupandaje?"

Injinia akaitazama ramani, akautazama mlima. "Ramani inasema yanafika."

"Wewe umeshafika?"

"Mzee wangu, mimi nimetumwa tu. Siyo mimi niliyeamua."

"Nipe namba ya aliyeamua."

Hakuwa nayo. Hakuwa kijana mbaya, hata haya alikuwa nazo. Lakini katika makaratasi yake yote hapakuwa na mstari uliouliza nani ataachwa nyuma. Wakubwa walihesabu simu zinazopigwa kupitia mnara ule wakaziona chache. Bipu hazikuhesabiwa. Bipu haimwingizii mtu chochote.

Baba Mtandao alilielewa jambo lile kwa namna yake. Kama mnara unazimwa, basi kuna mtu atakuja kuuzima, na mtu huyo lazima apite langoni. Ijumaa asubuhi akajaza tangi mpaka shingoni. Akafunga lango kwa kufuli mbili, moja ya kampuni na nyingine ya banda lake la kuku, akakalia pipa tupu mbele ya jenereta, rungu magotini.

"Aje," alijisemea. "Leo tutajuana."

Ilipokaribia saa sita akampigia dada yake.

"Dada, umekula?"

"Nimekula. Mbona unahema? Pumu imehamia kwako?"

"Nimefunga lango kwa kufuli mbili. Wakija siwafungulii."

"Wewe nawe! Tangu utotoni ukigombana na watu unajifungia. Mama alikuwa anakufuata dirishani."

Akacheka. "Hapa hakuna dirisha, dada. Hapa wata..."

Simu ikakatika.

"Dada? Haloo? Dada!"

Hakuna gari lililokuja. Barabara ilikuwa tupu mpaka jicho linapoishia. Jenereta iliunguruma bila kasoro, tangi limejaa, kufuli zote mbili ziko mahali pake. Aliizima, akaiwasha. Aliligonga sanduku la mitambo kwa kiganja kama anayemwamsha mgonjwa. Kwenye kioo cha simu yake, nayo ya zamani, hapakuwa na hata kijiti kimoja cha mtandao. Mtu asiyemjua, katika ofisi asiyoijua, alikuwa amebonyeza kitufe kisha akaenda zake kula.

Akafungua kufuli, akateremka upande wa pili. Ni mwendo wa saa mbili na nusu kwa miguu, na njia nzima aliwaza jambo moja tu: labda anabipu sasa hivi.

Alimkuta uani anakunja nguo alizoanua.

"Umenikatia simu," dada alisema. "Nikajua umenuna kwa sababu nimemtaja mama."

"Wamezima."

"Na kufuli zote?"

"Na kufuli zote."

Dada akaichukua simu yake, akabonyeza, akabonyeza tena. Simu ya mdogo wake, mfukoni, hatua moja kutoka pale, haikulia.

"Sasa kifua kikinibana?"

"Nitakuwa nakuja kila siku."

"Kwa miguu hiyo? Ukifika mwenyewe utataka zahanati."

"Basi hamia kwangu."

"Kwako wapi? Kile kibanda si cha kampuni? Mnara wamezima, wewe watakuacha ukilinda nini?"

Hakuwa amelifikiria hilo. Alisimama mikono ikining'inia kama ya mgeni asiyekaribishwa kiti.

"Haya, usijali," dada akasema. "Nitajitahidi nibanwe siku ambazo upo."

Akacheka kwa utani wake mwenyewe. Kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikakataa kukoma. Baba Mtandao akawa anampapasa mgongoni kwa mkono mmoja, huku mkono wa pili, kwa mazoea, ukibonyeza namba ya dereva.