Thembo, wageni wako wa baiskeli wanasubiri jibu

Siamini bado. Ijumaa tulikuwa wote ofisini hapa Kasese, mimi kwenye kompyuta, Thembo sakafuni anakaza spoki. Jumapili homa ikamchukua. Jana tumemzika kwao Mahango.

Kwa msiomjua: alikuwa guide wetu wa safari za baiskeli, Kasese mpaka Bwera. Pia alikuwa rafiki yangu, na alikuwa na mdomo huyo mtu! Mvua ikitupiga, anawaambia wageni eti wamekaribishwa rasmi.

Mwaka wa kwanza niliharibu mimi. Mtu na mkewe waliandika kuuliza kama nchi ya joto hivi inafaa kwa baiskeli. Nikawatumia picha za Kitswamba, tambarare tupu, nikaandika barabara zote ziko hivyo. Nilitaka booking, basi.

Wakaja na matairi membamba kama kidole. Kupanda mlima wa Mahango kukawashinda hata saa nne haijafika. Nilitamani ardhi inimeze.

Thembo hakunigombeza mbele yao. Alikata fimbo mbili, akafunga moja kwenye usukani wa kila baiskeli, akawafundisha kusukuma vile watu wetu wanasukuma baiskeli za matoke kwenda sokoni. Yule mama alicheka mpaka akakaa chini. Walifika juu kwa miguu, na mwaka uliofuata walirudi na marafiki.

Jioni ya siku ile ndiyo aliniambia: "Andika ukweli. Joto iko, mulima iko, mvua iko. Mwenye atakuja, atakuja na roho yake yote."

Bwera mpakani, wauzaji kutoka Butembo, Kongo, walimwita chef, yaani mkubwa. Hakuwahi kupita bila kushuka kuwasalimia, na wageni wake walishuka pia.

Sasa kuna kundi la watu sita wanachagua kati ya Uganda na nchi nyingine. Walimwandikia Thembo email, kumuuliza kama huku kunafaa kwa baiskeli. Tangu Jumapili naifungua hiyo email, nalia, naifunga. Nilishafikiria kufunga na ofisi yenyewe.

Leo asubuhi nimejibu. Nimewaambia kuna joto, kuna mahali watasukuma, na mtu waliyemwandikia amefariki. Nikaongeza kwamba atakayewaongoza ni mimi.

Mchana wamejibu: "Tunakuja. Siku ya kwanza tupeleke kwenye kaburi lake."

Umesikia, kaka? Wageni wako watapanda Mahango kwa ajili yako. Kesho naanza mazoezi, na tumbo langu hili. Njia naijua, ulinionyesha mwenyewe.

Pumzika, Thembo wangu. Lala salama, wageni niachie mimi.