Visi za Sanduku la Baba

Skrubu ikiingia ndani ya mbao ngumu hulia. Si mlio mkubwa. Ni kama mtu anayesaga meno usingizini. Nikiusikia, mikono yangu hutulia, na moyo pia, nami ninarudi Bunia, kwenye ua wetu wa Mudzipela, miaka ile ya Zaire.

Kwetu skrubu tuliziita visi. Baba alikuwa dereva wa kamio, lori lililoleta samaki wa chumvi kutoka Mahagi-Port kando ya ziwa, na mdogo wake, Baba Mudogo, alikuwa fundi wa kamio hiyo hiyo. Jumapili moja baada ya misa nilimwuliza Baba kwa nini visi hukaza ukizungusha upande mmoja tu. Alikata karatasi yenye pembe tatu, akaiviringisha kwenye penseli yangu. Ukingo wa karatasi ukapanda ukiizunguka penseli.

“Angalia,” alisema. “Ni kama barabara ya ziwani, inazunguka mulima. Ukienda huku unashuka, ukigeuka unapanda. Visi iko vile vile. Ukizungusha, barabara inaivuta ndani.”

“Na sababu gani kuume ndiyo inafunga?”

“Watu wengi nguvu yao iko mu mukono wa kuume, na mukono ule unasukuma muzuri ukizunguka kuume. Wangeweza kukata barabara upande ingine. Walipatana tu.”

Wiki ile nililegeza na kukaza kila kitu nyumbani. Mama aliinua kifuniko cha sufuria mbele ya wageni, akabaki na kishikio peke yake mkononi. Baba alicheka mpaka akatoka nje.

Kisha homa ikamshika Baba huko Mahagi-Port. Baba Mudogo alimlaza kwenye kiti cha mbele, akaendesha yeye kupanda milima yote ile. Kamio ilipoingia uani, Baba alikuwa amekwisha kufa, na Baba Mudogo alikuwa bado anamsemesha.

Misumari ilikuwa imepotea madukani, basi seremala alitoboa kifuniko cha sanduku, na Baba Mudogo akaleta visi kutoka kwenye kamio. Ilikuwa asubuhi ya baridi. Wanawake walikuwa wanasali rozari. Baba Mudogo alipiga magoti, akaweka visi ya kwanza kwenye tundu, akazungusha. Visi haikushuka. Akazungusha tena, ikalala ubavu, ikaanguka kwenye vumbi. Akaiokota, akarudia, ikaanguka tena.

“Anakataa kufungwa!” mwanamke mmoja alilia, na sala ikakatika.

Shangazi alimshika Mama. Mimi sikuona woga wala huzuni. Niliona tu kazi inafanywa vibaya.

“Baba Mudogo, unazungusha kushoto,” nilisema. “Leta, miye nifunge.”

Alinipa turnevisi, bisibisi yake, bila kuniangalia. Nilifunga visi zote, kona kwa kona, nikiegemeza kifua juu ya mbao ili nipate nguvu, na mbao ililia mpaka mwisho. Nyuma yangu nilisikia mtu akinong’ona, “Mutoto huyu haana machozi?”

Kwa muda mrefu wanawake wa mtaa walinisalimu kwa uangalifu, kama mtu anavyopita karibu na mbwa asiyemjua. Hilo halikuniuma. Nilikula, nilienda shule, nilijibu nilipoulizwa.

Nilipokuwa mwanamke mzima mwenye watoto wangu, nilimtembelea Baba Mudogo. Alikuwa anatengeneza mashine ya kusaga mihogo. Nilimtania kidogo kuhusu siku ile huzuni ilipomsahaulisha kuume na kushoto.

Alijipangusa grisi mikononi, kidole kimoja kimoja.

“Sikusahau, mama,” alisema. “Fundi anasahau vile? Nilitaka tu abaki wazi kidogo tena.”

Nilingoja machozi, nikaona hata sasa hayaji. Miaka yote nilidhani kwamba kati ya watu wote waliosimama uani ni mimi peke yangu niliyejua visi inafungwa upande gani. Kumbe wote walijua, ila hakuna aliyetaka kuifunga. Mimi ndiye niliyekuwa mdogo kiasi cha kuweza kuifunga.