Mama Mlangoni pa Bibi Skola

Nilipokuwa na miaka tisa tulihamishiwa kijiji cha ujamaa kando ya Ziwa Nyasa, upande wa Lipingo. Mkutanoni kila familia iliulizwa ingependa kujenga jirani na nani. Hakuna aliyemtaka Bibi Skola, mjane mzee asiye na mtoto. Mumewe aliliwa na mamba, na watu walisema mamba yule ni wake, anamfuga ziwani na kumtuma kwa amchukiaye.

Mama akanyoosha mkono. "Ajenge karibu na sisi."

Bibi mzaa baba alimvuta pembeni. "Una watoto wewe. Utakuja kulia."

Mama akamjibu mkwewe, "Mama, Jumapili kanisani tunakomunika naye pamoja. Jumatatu nimkimbie?"

Tangu hapo sikutulia. Nikitumwa kumpelekea Bibi Skola ugali, niliuacha kizingitini nikakimbia. Nikienda kuteka maji, kila kiputo kilinishtua.

Siku moja mchana kweupe, mimi na mdogo wangu Tekla tulikuwa tukiosha vyombo ufukweni. Maji yakapasuka, mamba akamdaka Tekla mguu. Nilipiga mayowe. Wavuvi waliokuwa wakianika usipa, dagaa wa ziwa letu, wakaja mbio, wakampiga yule mnyama kwa makasia hadi akamwachia.

Baba alimbeba Tekla kuelekea zahanati. Mama alikuwa akimfuata, kanga yake imelowa damu, ndipo tukasikia kelele kwa Bibi Skola. Wanaume walikuwa wamezingira nyumba na marungu. Mama alisimama. Akamtazama baba akitokomea na mtoto, kisha akageuka, akaenda kuziba ule mlango kwa mwili wake.

"Tupishe, Mama Anjela," mmoja akasema, akimwita kwa jina langu. "Tunakulipizia wewe."

"Aliyeumwa ni mwanangu. Sijamtuma mtu anilipizie."

Walibishana, wakatukana, na mwishowe wakaondoka mmoja mmoja. Ndipo Mama akakimbilia zahanati.

Tekla alipona, ila anachechemea hadi leo. Bibi Skola aliishi miaka minne zaidi, akafa kwa uzee kitandani kwake. Bibi yetu hakuacha kusema kwamba alionya. Nami nilimchukia Mama kimyakimya. Mwanawe anavuja damu, naye anamlinda mchawi! Kama huo ndio Ukristo, niliwaza, siutaki.

Nilikuwa na watoto wangu mwenyewe, naishi Mbinga mjini, nilipothubutu kumuuliza. "Mama, ulijuaje kwamba si yeye?"

"Sikujua, mwanangu. Hata mimi nilikuwa namwogopa."

Nilikosa usingizi kwa jibu hilo. Miaka yote nilidhani alikuwa na imani isiyotikisika, na kwamba maisha mema ni kuwa na amani moyoni, kama tunavyosikia kwenye mahubiri. Mama siku ile hakuwa na amani hata chembe.

Mpaka sasa sijui kama ningegeuka njiani, mwanangu akiwa katika hali ile. Huwa naomba Mungu asiniulize swali hilo. Najua Mama asingeomba hivyo.