Mpaka Ashone Suti

Mkataba wangu wa kujifunza ushonaji niliusikilizia nje, nimekaa kwenye ngazi ya baraza, khanga nimeivuta mpaka machoni. Ndani walikuwa wanaume watatu: mume wangu, baba yake, na fundi aliyekuwa anakubali kunichukua. Jogoo tuliyemletea fundi pamoja na mkungu wa ndizi alilazwa kando yangu amefungwa miguu, na kila nilipotega sikio naye alipiga kelele. Ningeweza kumnyonga.

Sikukaa nje kwa kupenda. Kwetu Unyakyusa, kwa watu wa zamani, mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Akitokea njiani, unaingia migombani na kuinama mpaka apite. Humsemeshi, humgusi, na jina lake hulitaji hata kwa bahati mbaya. Vijana wa mjini walikwisha kuyalegeza hayo, na kanisani walituambia yamepitwa na wakati, lakini baba mkwe wangu hakuwa mtu wa kulegeza. Niliolewa kwake nikiwa na miaka kumi na minane, na jambo la kwanza mama mkwe alilonifundisha lilikuwa kukitambua kikohozi cha mumewe, ili niwahi kukimbia.

Fundi hakuwa na habari na mambo hayo. Alikuwa Mwislamu wa pale Tukuyu mjini, baba yake alikuja zamani kufanya biashara akabaki. Alikuwa mpole, mwembamba, na alikuwa na ugonjwa mmoja: neno likishaandikwa, kwake limeandikwa. Siku ile alichana karatasi katikati ya daftari, akawa anaandika huku anasoma kwa sauti, neno moja moja, kama anayeogopa kalamu isimkimbie. Ndivyo nilivyousikia wote.

Nitaingia saa mbili asubuhi, nitatoka saa kumi jioni. Nitapewa chakula cha mchana. Sitalipwa.

"Mpaka lini?" mume wangu akauliza.

Hapo kikasikika kile kikohozi. "Mpaka ashone suti," baba mkwe akasema. "Mimi sitaki mtu arudi kwangu anajua kutia viraka tu. Suti nzima, ya mteja wa kulipa."

"Na mteja ampime mwenyewe," fundi akaongeza. "Hapo kwenye kupima ndipo wengi wanapoharibu vitambaa vya watu. Apime, akate, amalize. Kuanzia siku hiyo nampa nusu ya malipo ya kila nguo anayoshona, na akitaka kwenda zake nampa barua."

Wakakubaliana. Wakacheka. Mimi mwenye kushona sikuulizwa, lakini sitasema uongo: nilifurahi. Wakati ule suti zilishonwa. Walimu walishona, makarani wa mashamba ya chai walishona, bwana harusi asiye na suti mpya alionekana hana wazazi. Fundi alisema nitachukua miezi minane, mwaka ukizidi sana.

Nikaanza na matundu ya vifungo. Nilishona matundu mpaka nikayaota. Kisha pindo, kisha mifuko, kisha zipu, kisha bitana ya koti, ambayo ukiikosea kidogo tu koti zima linanuna. Kukata nilifundishwa baada ya saa kumi, wateja wakishapungua. Fundi alitandaza gazeti mezani, akanipa chaki, nikakata mabega ya watu wasiokuwepo. Sikuona kama ni kuzidishiwa saa. Niliona napewa kitu.

Ukawa mwezi wangu wa tano na suti tatu zilikwisha pita, mbili kabla sijawa tayari. Ya tatu, mteja, mwalimu mmoja, aliniona nimeshika mkasi akauliza, "Na huyu?" Fundi akamwambia, "Ni mwanafunzi wangu, mwache akukatie, mimi nasimamia." Mwalimu akakivuta kitambaa chake kwapani. Ikabidi fundi akate mwenyewe. Nikajiambia, ijayo.

Ijayo haikuja. Ilikuwa miaka ya ruksa, na pamoja na mengine yote yaliyoruhusiwa, mitumba iliingia Tukuyu. Mwanzoni watu waliona haya, walinunua na kuficha ndani ya kikapu. Baada ya muda mfupi haya ikawaisha. Siku za soko marobota yalikatwa kamba chini ya mvua, na ndani yake mlikuwa na suti za Ulaya, za sufu, zenye bitana laini, bei yake chini ya bei ya kitambaa kitupu. Nani angeshona? Walimu walewale walikuja kwetu na makoti ya watu wanene wa huko ng'ambo, wakisema, "Fundi, nibanie hapa na hapa."

Na kubana ndiyo ikawa kazi. Kufumua, kubana, kukata mikono iliyozidi, kutoa zipu iliyokufa. Mchuuzi mmoja kutoka Suma alituletea mzigo kila siku ya kuamkia soko, akitaka makoti kumi na tano yapunguzwe yawe tayari asubuhi. Nilibana vizuri kuliko fundi, na hilo alilisema mwenyewe. Wateja wakaanza kuniita fundi. Saa kumi ikawa saa kumi na moja, kisha ikawa ukimaliza. Nyumbani ni mwendo wa saa nzima bondeni, nami nilifika nimelowa, mume wangu amekwisha kula ndizi baridi na kulala.

Mwaka ukaisha. Wa pili ukaingia. Sikuwa nimepata hata senti moja.

Siku moja nikachoka. Nikamwambia, "Fundi, mkataba unasema saa kumi."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alifungua sanduku la bati, akatoa karatasi yetu, akavaa miwani, akasoma. "Kweli. Saa kumi. Nimekosa, binti, unisamehe. Kuanzia kesho saa kumi ikigonga, nyanyuka." Kisha akasogeza kidole chini. "Na hapa pia nasoma. Malipo ni baada ya suti. Hili si langu peke yangu, mkweo ndiye aliyelitaka."

"Lakini suti haziji, fundi!"

"Naziona zisivyokuja. Unadhani mimi sili?"

Kuanzia kesho yake saa kumi ikigonga nilinyanyuka kweli. Alisimama mlangoni kuhakikisha. Kwa kuwa kukata tulikuwa tunajifunza baada ya saa kumi, na mchana kutwa ni makoti ya mchuuzi, kukata kukafa. Nilidai haki yangu nikapewa, na nilichokuwa nakipata bila kukidai kikaondoka. Nilirudi nyumbani na jua likiwa bado juu, nalia kwa hasira njia nzima, watu wanadhani nimefiwa.

Mtu atauliza kwa nini sikuondoka. Nilijaribu. Nilikwenda kwa mafundi wawili pale mjini, wote wakaniuliza swali moja: barua ya fundi wako iko wapi? Mwanafunzi aliyeondoka bila barua alihesabiwa mwizi wa nyuzi mpaka ithibitike vinginevyo. Na kuacha kabisa, nirudi kulima, kungekuwa kumwambia baba mkwe kwamba jogoo na mkungu wake na maneno yake vimepotea bure. Nilimchukia mzee yule. Naliandika hili kwa uwazi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilimchukia mtu ambaye sikuwahi kumtazama usoni, na sikuwa na ruhusa hata ya kumlalamikia.

Malalamiko yalikuwa na njia yake. Nilimweleza mama mkwe tukiwa tunamenya ndizi, nikamweleza yote, mpaka ya kulia njiani. Alimenya mpaka ndizi zikaisha. "Ndaga, asante mwanangu, nimesikia," akasema mwishoni. Usiku huohuo, najua, alimweleza mumewe.

Wiki mbili zikapita kimya. Halafu ndama akauzwa. Mimi nilidhani ni ada ya shule ya shemeji yangu mdogo. Asubuhi moja, nipo kwenye cherehani, nikasikia kikohozi barazani kwa fundi.

Sikufikiri. Miguu ilifikiri. Niliruka kutoka kwenye kiti, nikaenda kujibanza nyuma ya makoti ya mchuuzi yaliyokuwa yametundikwa. Nikamsikia akisalimiana na fundi, nikasikia karatasi ikifunguliwa, kitambaa kikiwekwa mezani. Kitambaa kizito, nilikijua kwa mlio wake.

"Nimeleta kazi," akasema. "Suti. Nalipa yote leo. Mwanafunzi wako anishonee."

Fundi alifurahi mpaka sauti ikampanda. "Binti! Njoo, mteja wako huyu! Lete tepu!"

Sikutoka. Akaita tena. Akaja nyuma ya makoti, akanikuta nimekaa chini nimejifunika uso. "Unaumwa?"

Nikamnong'oneza. Nilimweleza mila yote pale sakafuni, kwa pupa, na nilivyokuwa naieleza niliona jinsi inavyosikika kwa mtu wa nje. Fundi alishangaa mpaka akachuchumaa. "Kwetu mkwe unampa maji ya kunawa," akasema. "Huwezi hata tepu?"

"Siwezi, fundi. Nina koti lake la zamani, mama atanipa, nitapimia hilo. Au umpime wewe, mimi nikate, nishone, nimalize. Nani atajua?"

Niliona anataka kukubali. Kisha akatikisa kichwa. "Tumeandika ampime mwenyewe. Nikidanganya hapo, barua yangu itakuwa na thamani gani?"

Nilitamani kumpiga. Miaka miwili nimengoja mteja mmoja, ameuza ndama ili awe mteja wangu, na ndiye mwanamume pekee katika wilaya nzima ya Rungwe ambaye siwezi kumtia mkono. Wale watatu waliokaa ndani wakiandika, hakuna aliyeliona hilo. Hata mimi niliyekuwa ngazini sikuliona.

Fundi akarudi mbele, akamweleza mzee. Nilijua anaondoka. Mtu kama yule asingekaa mahali alipoambiwa mambo kama hayo.

Nikasikia fimbo ikiegemezwa ukutani. "Mwambie atoke," baba mkwe akasema. "Mimi nimegeuka."

Nilichungulia kati ya makoti mawili. Alikuwa amesimama amekabili ukuta, karibu kabisa, pua inakaribia kugusa chokaa, mikono ameinyoosha kama mtoto anayevishwa. Mgongo wake ulikuwa mdogo kuliko nilivyofikiri. Nilisimama, nikachukua tepu, na ninakumbuka nilitembea polepole sana, kama ninayekwenda kuiba.

Nilianza na mabega. Desturi ya pale ni kwamba anayepima hutaja namba kwa sauti na mwingine anaandika. Sasa nitatajaje? Hakuwahi kuisikia sauti yangu. Fundi alikuwa amekaa na daftari, kalamu juu, anasubiri, haniangalii. Nikafumba macho, nikataja mabega. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Mzee hakutikisika.

Nikataja mkono. Nikataja urefu wa koti. Nilipompitishia tepu kifuani kwa nyuma, akazungumza, akiuambia ukuta.

"Lile la suti nililisema mimi," akasema. "Nilidhani nakusaidia."

Ndiyo maneno ya kwanza aliyowahi kunielekezea tangu niolewe. Nilikuwa na majibu ya miaka miwili, nimeyapanga njiani kila siku jioni, na hakuna hata moja lililofaa.

Nikataja kifua. Nikataja kiuno. Fundi akaandika.

Suti ilichukua siku nne. Nilikata peke yangu, fundi amekaa barazani ameipa meza mgongo makusudi. Siku ya kujaribisha mzee aligeukia ukuta tena, nikarekebisha nyuma na ubavuni, na mbele akatazama fundi, kwa kuwa kujaribisha hakukuandikwa popote. Mzee alipochukua suti yake na kuondoka, fundi alitoa karatasi yetu sandukuni, akaandika chini yake kwamba kuanzia siku ile ninapata nusu. Jioni hiyo alinipa nusu ya suti na nusu ya makoti mawili ya mchuuzi. Nilifurahi mpaka nikaona aibu. Saa kumi na robo nilikuwa bado nimekaa nazishika pesa zile, mpaka akaniambia niende nyumbani.

Kijijini walisema. Mama mkwe, aliyepeleka ujumbe mwenyewe, alininunia wiki nzima kwa jinsi mumewe alivyouitikia. Wazee wenzake walimwambia baba mkwe amejivunjia heshima.

Jumapili aliivaa kwenda kanisani. Shemeji zangu walikuja mbio kunisimulia: baba amependeza, kola imekaa, watu wanauliza imeshonwa wapi. Mimi nilikuwa njiani, nikasikia kikohozi kikija upande wangu. Ruhusa ilikuwa ya pale ukutani kwa fundi tu. Nje ya pale alikuwa baba mkwe wangu na mimi mke wa mtoto wake, na hakuna aliyesema vinginevyo. Nikaingia migombani, nikainama. Pindo za suruali zikapita mbele yangu, zimenyooka, hazigusi matope.

Aliivaa suti ile miaka tisa, harusini na misibani. Mpaka anafariki sikuwahi kuiona upande wa mbele ikiwa mwilini mwake.